Mfano Usiotaja Toleo Humwonea Mtoto

Wengi wenu mnaojifunza ualimu hivi sasa mtatakiwa, mapema au baadaye, kuwafundisha watoto wa shule ya msingi mwanzo wa kuandika programu za kompyuta. Pengine mtafanya hivyo katika masomo ya TEHAMA, pengine katika klabu ya shule baada ya saa za masomo. Kuhusu kazi hiyo nina jambo moja tu la kusema. Kila mfano wa programu utakaouandika ubaoni hauna budi kubeba juu yake jina la lugha iliyotumika pamoja na namba ya toleo la lugha hiyo. Jambo hili laonekana dogo, na ndiyo sababu hupuuzwa. Mimi nililipuuza kwa miaka mingi, mpaka siku moja huko Gerezani.

Tukio lenyewe

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha nilikwenda kumkagua mwanachuo wangu katika shule moja ya msingi eneo la Gerezani, Dar es Salaam. Alikuwa akiwafundisha watoto 24 wa Darasa la Sita, waliogawana kompyuta 6. Andalio lake la somo lilikuwa zuri. Nililisoma asubuhi nikalitia sahihi. Madhumuni yalielezwa wazi, na mfano ulitoka katika maisha ya watoto wenyewe, maana soko la Kariakoo haliko mbali na hapo na kila mtoto wa mtaa ule amewahi kutumwa kununua kitu. Ubaoni aliandika hivi:

idadi = raw_input("Umenunua machungwa mangapi? ")
print "Umenunua machungwa", idadi

Watoto walinakili, wakaiendesha programu, na kila kompyuta ikajibu kwa Kiingereza kwamba mna kosa. Mwanachuo akapita meza hadi meza. "Hamkunakili vizuri," akasema. "Futeni, muanze upya." Wakafuta, wakaanza upya. Jibu likawa lile lile mara ya pili, na mara ya tatu. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha alilichukua daftari lake, akalinyanyua usawa wa macho, akalinganisha na ubao herufi kwa herufi huku akifuatisha kwa kidole. Alipomaliza akasimama.

"Mwalimu, nimeandika kama ulivyoandika."

"Basi hukuangalia vizuri," mwanachuo akamjibu.

Mtoto akaketi. Hakuigusa tena kompyuta mpaka kengele ilipolia, wala wenzake hawakuuliza swali lingine.

Jioni tulikaa pamoja, mwanachuo na mimi, tukaichunguza programu ile. Haikuwa na kosa hata moja, ila ilikuwa imeandikwa kwa Python ya toleo la 2, na kompyuta za shule zilikuwa na Python ya toleo la 3. Mwanachuo aliitoa katika nakala za kivuli za kitabu alizozinunua kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba Kariakoo. Nakala zile zilianzia sura ya pili. Hazikuwa na jalada, wala ukurasa wa kueleza kitabu kilichapwa lini na kwa ajili ya toleo lipi. Mtoto alikuwa amesema kweli. Watu wazima wawili tuliokuwamo darasani, mmoja akiwa na chaki na mwingine akiwa na sahihi yake katika andalio la somo, ndio tuliokosea. Aibu ikamwangukia yeye.

Kiini cha kosa

Yafaa kwanza tuelewe jinsi lugha moja inavyoweza kuwa na matoleo yasiyoelewana. Python ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Toleo la 2 likatoka mwaka 2000, na toleo la 3 mwezi Desemba 2008. Watunzaji wa lugha hiyo walikusudia kurekebisha kasoro za zamani, na walijua kwamba programu nyingi za toleo la 2 hazitakubaliwa katika toleo la 3 bila kubadilishwa. Kwa hiyo matoleo hayo mawili yaliishi sambamba kwa zaidi ya miaka kumi. Toleo la 2 lilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Hata hivyo kukoma kuhudumiwa si kutoweka. Vitabu, vijitabu vya semina na madaftari yaliyoandikwa katika miaka hiyo bado yamo mikononi mwa watu, na kurasa zake zinaendelea kutolewa vivuli hadi leo.

Katika programu ya machungwa, toleo la 3 linadai mambo mawili. Amri ya print sharti ifuatwe na mabano, na amri ya raw_input imebadilishwa jina kuwa input. Programu ile ingeandikwa hivi:

idadi = input("Umenunua machungwa mangapi? ")
print("Umenunua machungwa", idadi)

Jozi moja ya mabano na neno moja tu: hiyo ndiyo tofauti iliyomkalisha mtoto kimya kipindi kizima.

Sasa nenda katika maduka ya vipuri ya Gerezani ukaombe kipuri cha gari. Muuzaji hatanyanyuka kitini kabla hajakuuliza gari ni la aina gani, la mwaka gani, na injini yake ni ipi. Nenda kwa vijana wanaouza makava ya simu katika mitaa ya Kariakoo. Kijana hatakupa kava kwa kutajiwa jina la kampuni tu. Atataka kujua simu ni toleo lipi, maana kava la toleo la mwaka jana huenda lisiingie katika simu ya mwaka huu. Watu hawa hawakufundishwa chuoni. Wanajua tu kwamba mteja aliyeuziwa kitu kisichoingia atarudi na maneno. Tofauti yetu sisi walimu ni kwamba mteja wetu ni mtoto. Tukimpa kisichoingia hatarudi na maneno, bali atajilaumu mwenyewe.

Aidha, wapo watakaosema kwamba vitabu vizuri hutaja toleo katika kurasa zake za mwanzo. Ni kweli. Lakini tazameni jinsi maarifa yanavyosafiri katika mazingira yetu. Kitabu kimoja hugawanywa sura kwa sura, sura hutolewa vivuli, kivuli hunakiliwa ubaoni, ubao hunakiliwa daftarini, na daftari hurithiwa na mdogo wake mtoto mwaka unaofuata. Katika safari hiyo jalada ndilo la kwanza kuachwa nyuma. Kwa hiyo haitoshi toleo kutajwa mahali fulani katika kitabu. Ni lazima litajwe katika mfano wenyewe, mahali ambapo mnakili hawezi kuunakili mfano bila kulinakili na toleo lake.

Makosa yanayosema na makosa yanayonyamaza

Programu ya machungwa ilikuwa na heri moja: kompyuta ilikataa kwa sauti. Yapo makosa mabaya zaidi, ambayo kompyuta huyapokea bila kulalamika. Tazameni mstari huu, unaokubaliwa na matoleo yote mawili:

print(7 / 2)

Tuseme ni kilo 7 za mchele zinazogawanywa sawasawa kwa familia 2. Toleo la 3 litajibu 3.5. Toleo la 2 litajibu 3, kwa sababu humo namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, sehemu inayobaki hutupwa. Kila familia imepata kilo 3, na kilo moja nzima imepotea bila onyo lolote. Sidhani kama yupo muuza mchele wa Kariakoo atakayekubali hesabu hiyo. Lakini mtoto ataikubali, kwa kuwa ameambiwa kwamba kompyuta haikosei. Mwalimu anayetaka jibu la namba nzima aandike 7 // 2, alama ambayo maana yake ni ile ile katika matoleo yote mawili. Anayetaka 3.5 hana budi aseme kwamba mfano wake ni wa toleo la 3.

Hali hii si ngeni kwetu. Mwalimu yeyote wa Hisabati anajua taabu ya kufundisha saa. Mtoto wa Dar es Salaam huamka saa kumi na mbili, lakini saa ya simu ya mama yake imeandika 6:00. "Saa mbili" ni jibu sahihi na pia ni jibu lenye kosa. Inategemea tunasoma saa kwa utaratibu upi. Mwalimu mwema hamwambii mtoto kwamba amekosea kabla hajamuuliza anahesabu kuanzia wapi. Programu isiyotaja toleo ni kama miadi ya saa mbili isiyosema ni kwa utaratibu upi. Wawili waliopeana miadi hiyo wanaweza kuwa wakweli wote, na wasikutane.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la Python peke yake. Wengi wenu mtaanza na Scratch, ambayo watoto huipenda kwa sababu amri zake ni vipande vya rangi vinavyopangwa kama matofali. Scratch 2.0 ilitoka mwaka 2013, na Scratch 3.0 mwezi Januari 2019. Katika toleo la 2.0 vipande vya kalamu, vile vya kuchorea mistari, vilionekana pamoja na vingine katika orodha. Katika toleo la 3.0 havionekani mpaka ubonyeze kitufe cha nyongeza kilichoko chini upande wa kushoto na kuichagua kalamu. Mwalimu anayefuata maelezo ya zamani atawaambia watoto wabonyeze kitu ambacho hawakioni, kisha atawaona wazembe. Vile vile kazi iliyohifadhiwa katika toleo la 3.0, ambayo jina la faili lake huishia na .sb3, haifunguki katika toleo la 2.0.

Hoja za wanaopinga

Nimelizungumza jambo hili na walimu wenzangu, na wapo wasiokubaliana nami. Hoja zao si za kubezwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba namba za matoleo zitawachanganya watoto wadogo. Nakubali kwamba mwalimu hapaswi kumwaga ubaoni kila tarakimu aijuayo. Kwa mifano mingi ya shule ya msingi yatosha kuandika "Python 3" basi. Namba ndogo zaidi itajwe pale tu mfano unapoihitaji. Kwa mfano, njia ya kuingiza thamani ndani ya maneno kwa herufi f mbele ya vinukuu ilianza katika toleo la 3.6 mwaka 2016, na amri ya match ilianza katika toleo la 3.10 mwaka 2021. Hapa tahadhari moja yahitajika. Mtoto aliyekwisha kujifunza desimali atasema kwamba 3.10 ni ndogo kuliko 3.9. Katika desimali yuko sawa. Katika matoleo, 3.10 huja baada ya 3.9, kwa kuwa nukta hiyo ni ya kutenga tu, kama inavyotenga sura ya kitabu na sehemu zake. Mweleze hivyo mapema, usingoje akosee.

Hoja ya pili ni kwamba tufundishe toleo jipya peke yake, na la zamani tulisahau. Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda. Lakini shule zetu hazichagui mashine; hupokea zinazopatikana. Kompyuta nyingi zilizotolewa msaada huja na mfumo wa miaka iliyopita. Kompyuta inayotumia Windows 7 hupokea Python mwisho toleo la 3.8; kuanzia toleo la 3.9 haikubali tena. Kwa hiyo mwalimu anayechukua mfano wa kisasa kabisa wenye amri ya match na kuupeleka katika mashine hiyo atapata aibu ile ile niliyoipata mimi, safari hii kwa sababu ya upya wala si kwa sababu ya ukale. Isitoshe, siku hizi Python hutoa toleo jipya kila mwaka. Mfano uliouandika leo ukiuita "mpya" utakuwa wa zamani kabla watoto wa Darasa la Tatu hawajamaliza shule ya msingi. Neno "mpya" huchakaa, namba haichakai.

Hoja ya tatu ni kwamba kompyuta yenyewe itamwonyesha mtoto kosa lake. Tumekwisha kuona kwamba makosa mengine kompyuta haiyasemi. Na tukumbuke pia kwamba katika shule zetu nyingi kompyuta ni chache mno au hazipo kabisa, na mtoto husoma programu ubaoni na kuiandika daftarini pasipo kuiendesha hata mara moja. Huyo hana mashine ya kumsahihisha. Ataliweka kosa letu daftarini mwake kwa wino, na siku atakapokutana na kompyuta, pengine miaka mitatu baadaye, ataanza na kushindwa. Palipo na ubao mtupu, ndipo penye haja kubwa zaidi ya kutaja toleo.

Mwalimu afanye nini

Kwanza, kabla ya somo, uliza mashine ya shule ina toleo gani. Usikisie. Andika mistari hii miwili, ambayo hufanya kazi katika toleo la 2 na la 3 pia, nayo itakujibu yenyewe:

import sys
print(sys.version)

Pili, uendeshe mfano wako katika mashine watakayoitumia watoto, si katika mashine yako ya nyumbani wala ya rafiki yako. Tofauti kati ya mashine mbili ndiyo chanzo cha nusu ya fedheha za darasani.

Tatu, andika toleo ndani ya programu yenyewe. Katika Python mstari unaoanza na alama ya # hausomwi na kompyuta, bali husomwa na watu. Kwa hiyo kila programu yako ianze namna hii:

# Python 3. Imejaribiwa katika 3.8.

Waagize watoto waunakili mstari huo kama sehemu ya programu. Utasafiri pamoja nayo kutoka ubaoni hadi daftarini, na kutoka daftari la kaka hadi la mdogo wake, pasipo kuachwa njiani kama lilivyoachwa jalada la kitabu.

Nne, kando ya programu andika jibu linalotarajiwa. Mtoto akipata 3 mahali ulipoandika 3.5, atajua kwamba pana neno, hata kama mashine imenyamaza.

Tano, katika andalio la somo, chini ya zana za kufundishia, usiandike "kompyuta" tu. Andika lugha na toleo. Nasi wakufunzi tusitie sahihi mahali ambapo hapana namba hiyo. Jukumu hili nalitaja la mwisho, lakini kwa upande wangu ndilo la kwanza.

Na programu ikikataa hata baada ya hayo yote, swali la kwanza lisiwe "Umenakili vizuri?" Liwe hivi: mfano huu ni wa toleo gani, na mashine hii ina toleo gani? Swali hilo humweka mwalimu na mtoto upande mmoja, wote wawili wakiitazama mashine. Swali lile lingine humweka mtoto peke yake mbele ya lawama.

Hitimisho

Wiki iliyofuata mwanachuo yule alirudi darasani nami nikarudi naye. Hakuanza na somo jipya. Aliiandika programu ya machungwa kama alivyoiandika mwanzo, na juu yake akaandika "Python 2". Pembeni akaiandika upya, na juu yake akaandika "Python 3". Kisha akawaambia watoto kwamba siku ile walinakili vizuri, na kwamba aliyekosea alikuwa yeye. Alimtaja yule msichana, akamwomba radhi mbele ya wenzake. Nakiri kwamba nilikuwa na wasiwasi juu ya heshima yake kama mwalimu. Sikuwa na haja. Watoto waliendesha programu, ikajibu, wakaanza kuuliza kwa nini watu wabadilishe lugha iliyokuwa ikifanya kazi. Kipindi kikaisha maswali yakiwa bado.

Msichana yule hakusema mengi. Lakini mwanachuo alipoanza kuandika mfano wa pili, akasahau tena kutaja toleo, sauti ilitoka karibu na dirisha: "Mwalimu, hii ni Python ya ngapi?"

Mwanachuo akageuka, akaiandika namba.